Kanisa la matofali Rungwe: umri wake, ufa wake na lipu ya saruji

Swali: "Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi katika ushirika mmoja wa Moravian wilayani Rungwe. Kanisa letu la kijijini ni dogo, kama mita 16 kwa 7, la matofali ya kuchoma juu ya msingi wa mawe, paa la bati. Wazee wanasema lilijengwa na Wajerumani, lakini hakuna anayeujua mwaka. Ukuta unaopigwa na mvua ulipigwa lipu ya saruji miaka ya 1990. Sasa lipu inavimba na kubanduka, na matofali ya ndani yake yanatoka unga. Kuna ufa unaotoka kona ya dirisha kwenda juu, na gebo la mbele, ule ukuta wa pembetatu chini ya paa, limeegemea nje. Ubavuni kulikuwa na milango miwili, mmoja umezibwa. Vijana wanataka tubomoe tujenge kubwa. Tutajuaje umri wake, na je, linatengenezeka?"

Jibu:

Ndugu Katibu, salamu kwako na kwa wazee wa kanisa.

Kwa dalili ulizozitaja, linatengenezeka. Lipu inayobanduka ni ugonjwa mmoja, ufa na gebo ni ugonjwa mwingine, na yote mawili yanaelekea yamelelewa na maji ya paa. Ila msishike tindo wala mwiko kabla ya kulisoma jengo lenyewe, kwa sababu ushahidi wa umri wake uko kwenye vitu vilevile ambavyo fundi huving'oa siku ya kwanza.

Tuanze na hao Wajerumani. Kauli hiyo utaisikia karibu kila penye kanisa la matofali, kuanzia Kyela hadi Njombe, na mara nyingi ni nusu ya ukweli. Wamoravian kutoka Herrnhut, mji wa Ujerumani ulio chimbuko la kanisa lao, walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, kisha Rutenganio na Ipyana mwaka 1894, na Utengule mwaka 1895. Mwaka huohuo wa 1891 Misheni ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky, ilianzia Wangemannshöhe, ikafuatisha Manow mwaka 1892 na Mwakaleli mwaka 1893, halafu ikapanda Ukinga na Ubena. Tanuru la matofali, karakana ya useremala na mmisionari wa kusimamia vilikuwa kwenye vituo hivyo. Vijijini kulikuwa na banda la mianzi na udongo lililoezekwa nyasi: Jumatatu shule, Jumapili kanisa. Matofali yalifika huko baadaye, na mikono iliyoyapanga mara nyingi ilikuwa ya waashi wa hapahapa waliojifunzia kazi kituoni.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka nyanda yote hii, wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, na hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Katika miaka hiyo walimu na wazee wa kanisa Waafrika ndio walioshikilia kazi, Waskoti wa Livingstonia wakisaidia kutoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Vita ya pili ya 1939 ikawaondoa Wajerumani tena. Kwa hiyo kanisa la kijiji linaloitwa "la Wajerumani" linaweza kuwa la kabla ya 1914, la kati ya 1925 na 1939, au lisiwe na Mjerumani ndani yake isipokuwa kipimo cha tofali.

Na kipimo hicho ndicho cha kuanza nacho. Ujerumani ilikuwa na tofali la kawaida la sentimita 25 kwa 12 kwa 6.5. Likipangwa na kiungio cha sentimita 1.2, kozi 13 (yaani mistari 13 ya matofali) hufanya mita moja kamili. Tofali la Kiingereza lilihesabiwa kwa inchi: 9 kwa 4½ kwa 3, yaani karibu sentimita 23 kwa 11.5 kwa 7.6, na kozi 4 pamoja na viungio hufika inchi 13 hadi 14. Tafuteni sehemu isiyo na lipu, hasa nyuma ya jengo au ndani ya dari, mpime kozi 13 kutoka chini ya tofali la kwanza hadi chini ya tofali la kumi na nne. Mkipata kati ya sentimita 98 na 102, na tofali lenyewe lina urefu wa karibu sentimita 25, kalibu iliyotumika (fremu ya kufyatulia) ilifuata kipimo cha Kijerumani. Msitegemee tofali moja. Udongo husinyaa ukikauka na kuchomwa, na matofali ya tanuru moja hupishana hata nusu sentimita, kwa hiyo pimeni kumi mchukue wastani. Kumbukeni pia kwamba kalibu ya mbao hurithiwa: fundi aliyefunzwa Rungwe angeweza kuendelea kufyatua tofali la Kijerumani miaka thelathini baada ya Wajerumani kuondoka. Kipimo kinaonyesha fundi alifunzwa na nani. Mwaka mtautafuta kwingine.

Unene wa ukuta usomeni kwa matofali: sentimita 25 ni tofali moja, 38 ni tofali moja na nusu, 51 ni mawili. Ukuta wa kanisa la kijiji la ukubwa wenu kwa kawaida huwa wa 25 au 38. Halafu angalieni udongo wa kiungio. Majengo mengi ya zamani yalijengwa kwa tope, yakazibwa kwa nje kwa chokaa ili mvua isilifikie tope. Mkikuta saruji ndani kabisa ya ukuta, si ile ya kupakwa juu, umri unashuka. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza mwaka 1966, cha Songwe hapo Mbeya miaka ya 1980, na reli ya TAZARA ilianza kazi katikati ya miaka ya 1970. Kabla ya hapo mfuko wa saruji ulisafiri mbali mno kutumiwa ovyo kwenye kanisa la kijiji. Vivyo hivyo vioo na vyuma. Vifaa vya wamisionari wa kwanza vilipita Zambezi na Shire, vikavuka Ziwa Nyasa kwa meli, vikamalizikia kichwani kwa wapagazi wakipanda kutoka ufukweni. Ndiyo maana madirisha ya zamani yana vioo vidogovidogo kwenye fremu nyingi, na juu yake kuna tao la matofali badala ya lenta (boriti) ya zege.

Paa nalo lina ushuhuda wake. Nyasi huhitaji mwinamo wa digrii 45 au zaidi, vigae vya udongo 35 hadi 45, lakini bati hutosheka na 15. Kama kanisa lenu lina bati kwenye paa lililosimama wima hivyo, bati si ezeko la kwanza. Pandeni darini muangalie gebo kwa ndani: mstari wa matofali ya rangi au kipimo kingine unaonyesha paa liliwahi kupandishwa au kushushwa. Angalieni pia alama za msumeno kwenye kenchi. Mbao za kupasuliwa kwa mkono, mtu mmoja juu na mwingine chini ya shimo, zina mistari iliyonyooka, isiyolingana, inayobadili mwelekeo kidogo pale wapasuaji walipopumzika. Msumeno wa duara wa kiwandani huacha mistari iliyopinda kama mundu. Kenchi nene za podo zilizokaribiana zilitengenezwa kubeba mzigo mkubwa. Vigae vina uzito wa kilo 40 hadi 50 kwa mita ya mraba, bati la geji 28 halifiki kilo 5. Hilo likumbukeni, nitalirudia kwenye upepo.

Sasa milango miwili ubavuni. Hapa jengo lenu linaanza kuwa la kuvutia. Asili ya jengo la ibada la Herrnhut ni ukumbi, wala halifuati umbo la kanisa la Kikatoliki au la Kilutheri lenye madhabahu mwishoni na watu wakilitazama kwa urefu. Katika ukumbi huo kuna meza ya liturgia badala ya madhabahu, kuta nyeupe, mabenchi ya wazi, na mara nyingi meza hukaa katikati ya ukuta mrefu ili watu wakae kwa upana. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na kila upande mlango wake. Milango miwili kwenye ubavu mmoja inaelekeza huko. Inaelekea mimbari yenu ilihamishiwa mwishoni baadaye, ndipo mlango mmoja ukawa hauna kazi. Kuhakikisha ni rahisi: kwangueni kwa kisu, taratibu, sehemu ya ukubwa wa kiganja kwenye ukuta wa ndani ulio mkabala na milango, katikati yake, tabaka moja baada ya jingine. Mahali palipokuwa na jukwaa au mimbari, tabaka za chokaa za chini huwa pungufu au zimekatika kwa mstari. Sakafu nayo huonyesha kiraka.

Kengele, kama mnayo, isomeni lakini msiiamini haraka. Baadhi ya zilizoletwa misheni ni za chuma cha kuyeyushwa kutoka Bochum, zenye jina la mji na mwaka vilivyochorwa kwa herufi zilizotuna. Chuma hushika kutu, shaba nyeusi haishiki. Mwaka huo ni wa kengele, si wa jengo. Kengele huhama kutoka kituo hadi kijiji.

Mkishapata makadirio, yapelekeni kwenye maandishi: vitabu vya ubatizo na ndoa vya ushirika, kumbukumbu za Jimbo la Kusini la Kanisa la Moravian palepale Rungwe, na hifadhi ya nyaraka ya Wamoravian iliyoko Herrnhut, ambayo hujibu barua. Chuo Kikuu cha Southern California kina mkusanyo wa picha za misheni unaopatikana bure kwenye intaneti, zikiwemo za Wamoravian wa huku. Tafuteni kwa jina la kituo kilicholea kijiji chenu, kwa tahajia za Kijerumani pia. Kwa wazee, msiulize "mwaka gani". Ulizeni nani alikuwa mchungaji, nani alibeba matofali akiwa mtoto, kabla au baada ya Uhuru, kabla au baada ya vita ya Hitler.

Kuhusu sheria, watu wengi hudhani jengo la Mjerumani linalindwa moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. La baada ya hapo hulindwa likitangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kanisa lenu, kama halijatangazwa, liko mikononi mwenu, kwa heri au kwa shari.

Tuje kwenye lipu.

Tofali la zamani lililochomwa kwa kuni ni laini na hunywa maji. Ukuta wa tope na chokaa huloa mvua ikinyesha na kukauka jua likitoka, na umeishi hivyo miaka yote. Saruji haipumui kiasi hicho. Ikipasuka nywele moja tu, na hupasuka kwa sababu ni ngumu kuliko kinachoibeba, maji huingia kwa ufa huo na hayapati pa kutokea. Yanapanda, yanayeyusha chumvi zilizomo kwenye tofali, na chumvi hiyo ikikauka nyuma ya lipu hutanuka na kusukuma. Ule unga mnaouona ni uso wa tofali uliosagwa kutoka ndani. Anayewaambia mpige lipu nyingine nzito zaidi, au mpake rangi ya mafuta "kuzuia maji", anawafungia mgonjwa blanketi lililolowa.

Jipimeni ulaini wenyewe. Chukueni tofali moja lililolegea, likausheni juani siku kadhaa, lipimeni kwenye mizani, lizamisheni saa 24, lipimeni tena. Kilo 3.0 likiwa 3.6 limekunywa asilimia 20, nalo ni laini. Kwenye ukuta kama huo saruji tupu haina nafasi.

Lakini kabla ya lipu ni paa na ardhi, na hapa kamati nyingi hukosea mpangilio: hutumia pesa yote ukutani huku bomba la mvua likiwa hakuna. Fanyeni hesabu. Paa lenu pamoja na sehemu zinazotokeza nje ya kuta linafunika kama mita 17 kwa 8, yaani mita za mraba 136. Tukuyu na vitongoji vyake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hizo ni lita 272,000, nusu yake kila upande, zikidondoka mstari mmoja kwenye mguu wa ukuta usio na kizuizi cha unyevu.

Wekeni gata (mifereji ya paa) za upana wa sentimita 15, zenye mwinamo wa sentimita 1 kila mita 2, vishikio kila sentimita 60 hadi 90, na bomba la inchi 4 kila mwisho, yaani manne kwa jengo zima. Sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta ikiwa chini ya sentimita 60, irefusheni. Bomba litoe maji kwenye mfereji unaoyapeleka angalau mita 3 kutoka jengoni au kwenye tangi. Kama kuna milingoti (mikaratusi) karibu, gata zitaziba majani kila mwezi, na mizizi yake si rafiki wa msingi wa mawe.

Halafu shusheni ardhi. Miaka mingi ya kufagia uwanja, kupanda maua na kumwaga kifusi huinua udongo nje hadi ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Uondoeni mpaka uwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu, ukiinama kuelekea nje sentimita 5 kwa kila mita. Msichimbe chini ya kitako cha msingi. Kwa hiyo fungueni kwanza shimo dogo la nusu mita pembeni mkione kinaishia wapi. Pembeni mwa ukuta wekeni kokoto, upana wa sentimita 50. Fundi atapendekeza jamvi la zege lililogusa ukuta lizunguke jengo lote. Kataeni: unyevu uliokuwa ukitokea ardhini utalazimika kutokea ukutani.

Baada ya gata ndipo muondoe lipu. Igongeni kwa kishikio cha nyundo. Panapolia kama debe tupu, imeshaachana na tofali, itoeni kwa tindo pana na nyundo nyepesi, mkilaza tindo. Panapolia kizito iacheni kwanza, maana mkiing'oa kwa nguvu itatoka na uso wa tofali. Itajilegeza yenyewe ukuta ukianza kukauka. Chumvi nyeupe isuguliwe kavu kwa brashi ya nyuzi, isioshwe, maji yatairudisha ndani. Uacheni ukuta uchi ukauke kuanzia Juni, mpaka mjaze viungio kati ya Agosti na Oktoba. Ndiyo, utaonekana mbaya, na waumini watanung'unika.

Matofali yaliyoliwa zaidi ya sentimita 3 yabadilisheni. Kabla ya kununua mapya, toeni moja mligeuze: uso wa ndani mara nyingi ni mzima. Mkilazimika kufyatua, kalibu iwe kubwa kuliko tofali mnalotaka. Kwa udongo unaosinyaa asilimia 9, tofali la sentimita 25 hutoka kwenye kalibu ya 27.5. Fyatueni kumi za majaribio kwanza. Tofali lizamishwe kwenye maji kabla ya kupangwa, la sivyo litanyonya maji ya udongo wa kiungio na kiungio kitabaki mchanga.

Chokaa mnayo jirani. Songwe ina mawe yake na huchomwa huko. Tatizo ni uzee wa chokaa ya mfuko: ikikaa miezi dukani hunyonya hewa na kugeuka kuwa unga wa mawe usioshika. Chukueni kijiko, mimineni siki. Ikitoa povu jingi, imeshakufa. Ikitoa kidogo tu, nunueni. Ilowekeni kwenye pipa ikiwa imefunikwa na maji, wiki 2 kwa uchache, miezi 3 ni bora, itumike ikiwa nzito kama mtindi uliochujwa. Mkipata chokaa hai, ile ambayo haijazimwa, mwaga chokaa kwenye maji kidogokidogo, kamwe si maji kwenye chokaa. Huchemka na kurusha, kwa hiyo miwani na glavu ni lazima, na watoto wa Shule ya Jumapili wawe mbali.

Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Sababu yake mnaweza kuiona: jazeni mchanga mkavu kwenye chombo cha lita moja, mimineni maji mpaka yafike juu. Yataingia kama theluthi ya lita. Hiyo ndiyo nafasi kati ya chembe, na chokaa inatakiwa iijaze. Mchanga uwe wa mto, wenye chembe kali, uliooshwa. Tikisa mchanga na maji kwenye chupa, acha usiku mmoja, na tope la juu likizidi sehemu 1 kati ya 15 uoshe tena. Kwa upande unaopigwa na mvua mna bahati ambayo wengi hawana: majivu ya volkano. Yale yanayochimbwa Rungwe, yakichekechwa laini kama unga wa sembe, huifanya chokaa ishike hata penye unyevu. Anzeni na chokaa 1, majivu 1, mchanga 4, kwenye kipande cha mita moja nyuma ya jengo, na mkiangalie mvua moja nzima, kwa kuwa majivu ya shimo hili si sawa na ya shimo lile. Fundi akishindwa kabisa kuizoea chokaa, mchanganyiko wa saruji 1, chokaa 2, mchanga 9 unavumilika. Zaidi ya hapo ni kurudi mlikotoka.

Viungio vikwanguliwe kina cha sentimita 2.5, kwa mkono. Msitumie grainda, itakata tofali. Vipulizwe vumbi, vinyunyizwe maji, na udongo ukandamizwe kwa nguvu kwa tabaka, umalizike ukiwa umeingia ndani kidogo kuliko uso wa tofali. Kwa tofali la Kijerumani, mita moja ya mraba hula lita 7 hadi 8 pamoja na upotevu. Ubavu wenu mmoja ukitoa madirisha ni kama mita za mraba 40, basi tayarisheni ndoo 15 za lita 20 za mchanga na ndoo 5 za chokaa iliyolowekwa. Funikeni na magunia yaliyoloa siku 7. Kazi hii ifanyike Agosti hadi Oktoba. Juni na Julai usiku ni wa baridi mno, na kwa wenzenu wa Makete na Njombe jalidi huivunja chokaa mbichi. Novemba mvua zinaingia. Upepo mkavu wa Septemba nao ni adui, ndiyo sababu ya magunia.

Mwisho pakeni chokaa nyembamba kama maziwa, mara 4 au 5, kila mara ukuta ukiwa umelowanishwa. Kama ukuta ni mbaya sana hadi mnataka lipu, iwe ya chokaa hiyohiyo, tabaka 2 za milimita 10.

Ufa na gebo. Kwanza jueni kama vinatembea. Chora kwa penseli mistari miwili upande huu na ule wa ufa, pima umbali kati yake, andika tarehe ukutani, rudia kila mwezi kuanzia Novemba hadi Mei. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini unasema kona inakwenda nje au inazama. Mpana chini, sehemu ya katikati imezama. Ukitoka kona ya dirisha, chomeni bisibisi kwenye boriti ya juu ya dirisha kama ni ya mbao: ikizama zaidi ya sentimita 1, mchwa au uozo umeila, na huenda hiyo ndiyo sababu yote. Ufa wa chini ya milimita 2 ujazwe chokaa. Uliopita milimita 5 hushonwa: matofali yaliyokatika hutolewa kozi moja baada ya nyingine na kuwekwa mazima yanayovuka ufa. Kuusindilia saruji ni kuweka kabari.

Kwa gebo, tundikeni timazi kutoka kileleni. Likiwa nje chini ya sentimita 3 na halisogei, lifuatilieni tu. Likizidi 5, liwekeeni miti ya kuliegemeza na mwiteni mhandisi kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha angalieni kenchi moja moja: je, mitambaapanya yote (mbao za mlalo zinazofunga kenchi kwa chini) ipo? Wanakwaya wakitaka nafasi, au fundi wa dari akitaka urahisi, mtambaapanya hukatwa. Baada ya hapo makombamoyo, zile mbao za mwinamo za paa, husukuma kuta za ubavuni nje, na kona za gebo hufunguka. Ulipokatwa, rudisheni mbao yenye unene uleule, au fimbo ya chuma laini ya milimita 16 yenye uzi na nati, ikivuka jengo kutoka ukuta hadi ukuta, na bamba la sentimita 25 kwa 25, unene milimita 10, nje ya kila ukuta. Ikazwe mpaka ishike, basi. Si kazi yake kuuvuta ukuta urudi. Gebo lenyewe lifungwe kwenye papi za paa kwa vyuma bapa, angalau sehemu 5. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni upepo: paa lililoondolewa vigae na kupewa bati limekuwa jepesi, na kinachozuia lisinyanyuke ni misumari tu. Ya pili ni matetemeko. Bonde hili la ufa si la kulichezea. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa takriban 7.4, na yale ya Karonga ya Desemba 2009 yalitokea jirani tu. Kwenye jengo lisilo na mkanda wa lenta, gebo huanguka kwanza, na huangukia nje mlangoni, wanakokimbilia watu.

Vijana wana hoja pia. Ukumbi wa mita 16 kwa 7, ukitoa mimbari na njia, hukaa watu 120 wakibanana. Kama ushirika umekua, jengeni jipya kando, msingi wake usikaribie mita 5 kutoka huu wa mawe, na maji ya paa lake kubwa yasielekezwe huku. Kulibomoa la zamani ili mpate matofali ni hesabu mbaya: yakitolewa kwenye ukuta mengi huvunjika, na yaliyonyonya chumvi hayafai tena.

Mlango uliozibwa msiufungue mwaka huu, hata mkithibitisha ulikuwa wa wanawake na mkatamani kuurudisha. Angalieni kwanza kama waliouziba waliunganisha matofali yao na ukuta au waliyasimamisha tu, na kama tao lake la juu bado lipo. Kama tao lilivunjwa, ule ujazo ndio unaobeba paa hapo, na ukiondolewa bila lenta mpya ufa wa pili utatokea juu yake kabla mvua hazijaisha.